Sale Ndani ya Boksi la Chuma

Ukienda kusaga mahindi, wakati unasubiri zamu yako, tazama ukutani karibu na mota. Kuna boksi la chuma la kijivu, lina mlango na alama nyekundu ya radi. Hakuna anayelitazama. Watu wanatazama unga unaotoka. Mimi nikifika popote naanza na boksi. Nalipapasa kona, naingiza ukucha kwenye raba ya mlango, na nikikuta kazi mbovu namkumbuka mtu mmoja, damu inanichemka upya. Nimezeeka, ila damu hiyo haijazeeka.

Maboksi hayo ndiyo yalikuwa kazi yangu. Karakana yetu ilikuwa Moshi mjini, upande wa viwandani, na nilipoajiriwa ilikuwa bado mali ya umma. Tulitengeneza maboksi ya kuwekea swichi za mota: za pampu za maji, za mashine za kumenya kahawa, za mashine za kusaga kuanzia tambarare mpaka Mkuu kule Rombo. Mota haipatani na maji, na swichi yake ndiyo kabisa. Likiingia tone moja mahali pabaya, mota inaungua na kijiji kizima kinarudi nyumbani na mahindi yasiyosagwa kichwani.

Watu hudhani boksi ni kukunja bati tu. Haya, kakunje. Shiti inakuja pana kuliko meza ya kulia, nzito, imepakwa mafuta ya kiwandani. Unachora mistari kwa msumari mgumu, unakata, halafu unaondoa vipande vya mraba kwenye kona ili kuta zisipandane zikisimama. Matundu ya nyaya unayatoboa shiti ikiwa bado bapa, maana ikishakunjwa drili haifiki. Kwenye mashine ya kukunja unaanza na ukingo mdogo wa mdomoni, ule unaogeuza maji ya mvua yapite pembeni, ndipo unakunja kuta. Ukianza na kuta umekwisha, ukingo hauingii tena, hiyo shiti ni chuma chakavu. Kona unazichomelea kidogo kidogo, huku kisha kule, chuma kisipate moto mahali pamoja kikapinda. Unasaga kwa grenda. Unaosha kwa maji ya moto yenye magadi mpaka mafuta yote yatoke, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka unapaka ya kijivu. Ndipo bawaba, kitasa, na raba ya mlango, ambayo lazima iwe kipande kimoja kinachozunguka mdomo wote na kuungana mahali pamoja tu, upande wa chini.

Halafu kuna tundu la jasho. Hili mafundi wengi hulisahau, na huku kwetu mlimani kulisahau ni kosa kubwa. Mchana jua linalichoma boksi, usiku baridi ya mlima inashuka, na hewa iliyofungiwa ndani inatoka jasho. Unakuta ukuta wa ndani umelowa wakati mvua haijanyesha wiki nzima. Kwa hiyo unatoboa tundu dogo kwenye sakafu ya boksi, wembamba wake kama kijiti cha kiberiti, jasho linapata pa kutokea. Boksi lililofungwa vizuri sana bila tundu hilo linaozesha kila kilichomo.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya mwisho. Kupima. Wenzangu walikuwa wanaume watupu, na nilipopewa kazi ya kupima walidhani nimepewa ya kupumzika. Zamani walipima kwa kumwagia boksi maji ya mpira na kuchungulia ndani kwa tochi. Tone dogo hulioni kwa tochi. Mimi nilitoka nyumbani na unga wa ulezi, ule ule mama yangu aliousagia pombe ya mbege. Nilinyunyiza unga mkavu ndani, kila kona, nikafunga mlango, nikafungulia mpira wa maji kutoka juu na kila upande. Nikifungua, unga unasema wenyewe. Penye unyevu hata wa kufuta kwa ulimi, ulezi unageuka rangi, unakuwa mwekundu uliokolea. Boksi lililoshindwa nililichora msalaba wa chaki mlangoni na kuliweka kando.

Msimamizi wetu aliupenda mtindo huo mwanzoni. Alikuwa mtu wa Masama kama mimi, wa mtaa wa jirani, tunasali usharika mmoja. Wageni wakija anawaleta kwangu, anasema, "Huyu mama wetu hata pepo wa maji hapiti kwake." Nilimpa shikamoo yake kila asubuhi, kwa heshima zote, na yeye akaitika marahaba kwa sauti ya baba.

Ikaja miaka ile kila kitu kikawa ruksa. Madukani yakaingia maboksi ya nje, mepesi, yanang'aa. Karakana ikauzwa. Tajiri mpya akaja, na maneno ya kupunguza watu yakaanza kuzunguka kabla hajakaa kwenye kiti. Kila mtu akawa anatafuta namna ya kuonekana. Msimamizi akachukua oda kubwa ya maboksi ya pampu za mashamba ya mpunga kule chini na kuahidi kuimaliza upesi kuliko ilivyowezekana. Raba mpya ilikuwa haijafika kutoka Dar. Akaamuru wakate vile vipande vilivyobaki stoo, waviungeunge kwenye milango.

Nilipima. Unga ulilowa boksi baada ya boksi, pale pale kwenye kona, kila vipande vilipokutana. Nikachora misalaba mpaka vidole vikawa vyeupe, nikamwita.

"Haya hayatoki, mzee," nikamwambia. "Kila kona ina pengo."

"Lori linasubiri."

"Na mvua je?"

"Mvua bado, mama. Raba ikija tutawapelekea wabadilishe."

Kesho yake nilipofika maboksi hayakuwepo. Msimamizi alikuwa amesimama langoni na koti lake la kazi, na kwenye mkono wa koti, kuanzia kiwiko hadi kwenye kifungo, kulikuwa na vumbi jeupe la chaki. Hata kitambaa hakutafuta, alifuta misalaba yangu kwa mkono wa koti. Nilimwuliza maboksi yako wapi. Akanijibu kwamba kazi yangu ni kupima, kusafirisha ni kazi yake.

Masika yakapiga. Maboksi yakarudi kwenye lori lile lile, milango imevimba kutu, ndani nyaya zimeungua, zinanuka. Tajiri akatukusanya wote uani, kando ya shiti.

"Nani alipima haya?"

Nikanyoosha mkono, kwa sababu kweli nilipima. Nikamtazama msimamizi, nikingoja amalizie. Nilikuwa na hakika atamalizia. Mtu unayesali naye, unayempa shikamoo kila siku ya Mungu.

Akasema, "Ni huyu mama. Yeye na unga wake wa uji."

Watu wakacheka. Ndiyo, wenzangu, watu niliokula nao mtori kwenye sufuria moja. Nilipofungua mdomo kusema habari za chaki, tajiri alikuwa ameshageuka. Kabla ya saa ya chakula nilikuwa nje ya lango na aproni yangu mkononi.

Ningevumilia kufukuzwa, wengi walifukuzwa miaka ile. Lakini maneno yale yalinitangulia kila nilikokwenda. Nikienda kuomba kazi karakana nyingine, mtu ananitazama na kutabasamu, "Ahaa, wewe ndiye fundi uji." Kanisani wanawake wa kwaya wananiuliza kwa upole wa uongo kama bado napika. Kaka yangu akaniambia nirudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, nichume kahawa, chuma si cha wanawake. Nikaapa. Sikutaka fidia wala kurudishwa kazini. Nilitaka jambo moja: yule mtu asimame mbele ya wale wale waliocheka, aseme kwa kinywa chake kwamba maboksi yalipimwa, yakakataliwa, na yeye akafuta chaki. Nilitaka nimwone akisema. Nilitaka maneno hayo yamuume.

Kuanzia hapo sikumpa shikamoo tena. Anayejua watu wa kwetu anajua hilo ni tusi la namna gani, kwa mtu aliyenizidi umri wa kutosha kunizaa. Nilikutana naye njiani Jumapili, nikamtazama usoni, nikasema, "Habari," kama namsalimia muuza karanga, nikapita. Anabaki amesimama, mdomo umeshajiandaa kuitika marahaba. Nilikuwa nafurahi mpaka jioni.

Nikafungua banda langu mtaa wa Pasua. Mashine ya kukunja sikuwa nayo. Nilibana shiti katikati ya vyuma viwili vya kona, nikakaza kwa bolti, nikaikunja kwa nyundo ya mbao, pole pole, kuanzia ncha hadi ncha. Kila pigo nilijua nampiga nani. Watu walisema nina mkono mzito wa kiume. Ulikuwa mkono wa hasira, basi, na hasira ikitunzwa inanyoosha mstari vizuri. Kupima nilipimia nje, barabarani kabisa, kusudi. Nikinyunyiza ulezi wapita njia wanasimama, nikifungua mlango nawaita waguse wenyewe, unga unapeperuka mkavu. Wenye mashine wakaanza kushuka kutoka Kirua Vunjo na Mkuu kunitafuta. Walipokuja na boksi la karakana ya zamani nililifanyia vile vile mbele yao, bila kusema neno, nikawaachia waangalie ulezi ulivyolowa. Wateja wake nikamchukulia hivyo, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa mtamu.

Miaka ikapita. Msimamizi akastaafu, akawa mtu wa suti na fimbo, na usharika ukampendekeza kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji akatangaza majina ibadani, akasema kama desturi yetu ilivyo: mwenye neno juu ya yeyote kati ya hawa aje aseme, au wapatane kabla ya siku ya kuwekwa wakfu. Nilikuwa benchi la nyuma. Sikufanya lolote, nilikohoa tu. Akageuka akaniona.

Ndipo akaanza kunitafuta na sale.

Niseme kwa asiyejua. Masale ndiyo hayo majani marefu ya mpaka wa kihamba. Mchagga akikukosea akaja kwako na jani la sale mkononi, amekuja kuomba radhi, na hukatai. Hata kama alichoma nyumba. Ukishalipokea, limekwisha, na hulisemi tena mbele za watu. Yule bwana alilijua hilo vizuri. Alitaka anipe jani niwe bubu, halafu aende mbele ya madhabahu na suti yake.

Basi nikawa namkimbia. Mama mzima na heshima zangu, nikisikia fimbo yake getini natokea nyuma, napita migombani mpaka njia ya mfereji, nashuka zangu mjini. Mama yangu alikasirika.

"Mtu amekuletea sale wewe unajificha kama mwizi wa kuku?"

"Aseme kwanza alichofanya, nitapokea."

"Haiwi hivyo. Unapokea kwanza."

"Basi asinikute."

Alinikuta Pasua, mchana wa jua kali. Nilikuwa nimemaliza boksi, rangi imekauka, raba nimeibandika asubuhi ile. Lilibaki tundu la jasho tu, drili nimeishika mkononi. Akasimama kivulini mwa banda, suti nyeusi, kofia kifuani, na jani la sale limefungwa fundo kama inavyotakiwa, bichi, limechumwa siku hiyo hiyo.

"Mama, nimekuja na hili. Yaishe."

"Yapi, mzee?"

"Yale ya zamani."

"Ya zamani ni mengi. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na foleni za sukari. Yapi?"

Akatazama chini. Jirani yangu mshona viatu alikuwa ameacha kugonga. "Unayajua, mama. Pokea tu."

Kumkatalia sikuweza. Nilimwogopa mama yangu, na nadhani niliogopa jani lenyewe. Nikafungua mlango wa boksi. "Mikono yangu ina mafuta," nikamwambia, "liweke humo." Akaliweka polepole kwenye sakafu ya chuma, akiwa na sura ya mtu aliyetua mzigo. Nikafunga mlango, nikakaza kitasa mpaka raba ikalia.

"Nimelipokea," nikasema. "Shahidi yule pale na viatu vyake. Jumapili baada ya ibada, kabla ya mnada wa sadaka, utawaambia watu habari za maboksi ya pampu. Zote. Ukimaliza nitalifungua hili mbele yao na kulitoa jani lako kwa mikono miwili. Usiposema, litakaa humo, na mimi sijakataa sale ya mtu."

"Mama, hiyo si desturi."

"Na kufuta chaki kwa mkono wa koti ni desturi ya wapi?"

Uso wake ukabadilika. Miaka yote hiyo hakujua kwamba niliiona chaki ile kwenye koti lake. Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Nilibaki na drili mkononi. Nikalitazama boksi, nikaitundika drili ukutani. Boksi lile nikaliweka juu ya paa la banda, jua lilipate vizuri mchana, na usiku baridi ya mlima.

Jumapili nililipeleka kanisani kichwani, nimelivika khanga. Wenzangu wa karakana wengi walikuwepo, wamezeeka nao, mmoja ndiye mwalimu wa kwaya. Baada ya ibada tukatoka uani, mikungu ya ndizi na kuku wa sadaka wamepangwa tayari kwa mnada. Mchungaji akasema mzee fulani ana neno. Nikaliweka boksi chini kwenye majani, mahali atakapoliona.

Akaanza kwa sauti ya kanisani. "Ndugu zangu, kama kuna mtu niliyemkosea kwa neno au kwa tendo..."

"Maboksi, mzee," nikasema. "Sema maboksi."

Kuna waliocheka, wakanyamaza walipoona hakucheka yeye. Akalitazama boksi, akamtazama mchungaji. Akashika fimbo kwa mikono miwili, nami sikumhurumia hata kidogo. Nilikuwa nimeingoja saa ile.

"Maboksi ya pampu," akasema. "Huyu mama aliyapima. Aliyakataa, akayachora chaki. Raba nilizikatisha mimi. Chaki nilifuta mimi. Nilimsingizia, ili nisifukuzwe."

Yule mwalimu wa kwaya, aliyecheka kuliko wote siku ile, aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Nilimtazama mpaka akainua macho, nikahakikisha ameniona. Kisha nikawatazama wengine, mmoja mmoja. Sikuwa na haraka.

"Fungua sasa, mama," akasema mchungaji.

Nikapiga goti, nikalegeza kitasa. Mlango uligoma kidogo, raba ilivyokuwa imeshika, halafu ukafunguka, na harufu ikatoka. Kuta zote za ndani zilikuwa zinatiririka jasho. Jani lilikuwa limelala ndani ya maji yake lenyewe, jeusi, laini, fundo limeachia. Nilipolinyanyua likakatika vidoleni.

Mama yangu akasogea, akachungulia. Ni mtu wa shamba, chuma hakijui, lakini aliniona nikitengeneza boksi maisha yangu yote. Akapitisha kidole kwenye sakafu ya boksi, kona hadi kona, akitafuta tundu. Hakulikuta. Akanitazama kwa muda, akafuta kidole kwenye khanga yake.

"Limeoza," akasema msimamizi. Alikuwa amenyoosha mikono, tayari kwa kupatana.

"Limeoza," nikamwambia. "Kalete jingine."

Watu walidhani natania. Mchungaji naye alitaka kusema neno, lakini mama yangu akamwinulia mkono, kwa sababu katika hilo nilikuwa na haki: sale iliyooza haipatanishi mtu. Basi yule mzee akachukua fimbo yake, na suti yake nyeusi, akapandisha mlima mpaka kihambani kwake, jua la saa sita, huku usharika mzima umesimama kati ya ndizi na kuku ukimngoja. Nilikaa juu ya boksi langu. Sijawahi kukaa kwenye kiti kizuri namna ile.

Alirudi amelowa jasho, na jani bichi. Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, tukanywa mbege kwenye kata moja, na akawekwa wakfu. Habari za maboksi sikumtajia tena mpaka tulipomzika. Na shikamoo sikumpa.